Kazi Isiyoonekana Haihukumiki

Mtu atakaye kuhukumu kitabu sharti kwanza akisome. Na mtu atakaye kuhukumu picha ya sinema sharti kwanza aione. Neno hili ni jepesi mno, hata huenda msomaji akashangaa kwa nini limeandikwa. Lakini kwa upande wa sinema si jepesi hata kidogo. Kitabu kilichochapwa mwaka 1930, ikiwa nakala yake moja imebaki katika maktaba yoyote duniani, bado chasomeka kama kilivyosomeka siku ya kwanza. Picha ya sinema ya mwaka huo huo yaweza kuwa imebaki sauti bila ya sura, au sura bila ya sauti, au vyote viwili bila ya rangi. Pengine imebaki nzima, lakini imo ndani ya ghala ambalo mwenye ufunguo hapendi kulifungua. Katika hali kama hiyo wanaoisifu na wanaoilaumu huwa sawa: wote husema kwa kusikia.

Katika insha hii nataka tuzitazame picha za kwanza za Hollywood zenye nyimbo na dansi, zile zilizotengenezwa baina ya mwaka 1927 na 1930. Nimezichagua kwa sababu historia yake yaonyesha waziwazi mambo matatu ambayo kila mpenda sanaa hana budi kuyajua: jinsi kazi inavyopotea, jinsi sheria inavyoilinda au kuifungia, na jinsi mafundi wanavyoirudishia uhai. Kisha tutaipima picha moja miongoni mwake, King of Jazz, yaani Mfalme wa Jazi, tupate kujua kama taabu ya kuirudisha ilistahili. Picha hiyo yamhusu Mwafrika kuliko anavyoweza kudhani mtu aliyelisikia jina lake tu.

Tuanze na asili. Zamani picha za sinema zilikuwa bubu. Wachezaji walifumbua midomo, na maneno yao yakaandikwa juu ya pazia, huku mpiga kinanda au bendi ikiwatumbuiza watazamaji ukumbini. Tarehe 6 Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha mjini New York picha iitwayo The Jazz Singer. Sehemu yake kubwa ilikuwa bado bubu, lakini mara kwa mara Al Jolson, Mzungu ambaye katika baadhi ya nyimbo zake alijipaka masizi usoni ili aonekane mtu mweusi, aliimba na watu wakamsikia.

Sauti ile haikutoka katika ukanda wa picha. Ilitoka katika santuri kubwa yenye upana wa inchi 16, iliyozunguka sambamba na mashine ya kuonyeshea. Sindano yake ilianzia karibu na kitovu cha santuri ikaenda nje, kinyume cha santuri zilizozoewa majumbani, na upande mmoja ulidumu kadiri ya dakika 11, sawa na gurudumu moja la filamu. Juu ya karatasi ya santuri palikuwa na visanduku vidogo vya kutiwa alama kila ilipopigwa. Ikifika mara 20 ilipasa kutupwa, kwa kuwa sindano ilikuwa imekwisha kuichakaza. Kumbuka habari hii, msomaji, maana tutairudia.

Mwaka 1929 ukawa mwaka wa mafuriko. Kila kampuni ilitaka picha ya nyimbo. The Broadway Melody ya kampuni ya MGM ilipewa tuzo ya Academy kuwa picha bora, na ndiyo picha ya kwanza yenye sauti kupata heshima hiyo. Kampuni ya Warner ilitoa On with the Show!, picha ndefu ya kwanza iliyokuwa na mazungumzo na rangi toka mwanzo hata mwisho. Kisha ikatoa Gold Diggers of Broadway, iliyopendwa sana na watu. Lakini mafuriko hayadumu. Kabla ya mwaka 1930 kwisha, watazamaji walikuwa wamechoka, na watengenezaji wakaanza kuziogopa nyimbo walizokuwa wakizikimbilia jana. Fifty Million Frenchmen, picha iliyotokana na mchezo wa nyimbo, ilionyeshwa Marekani mwaka 1931 hali nyimbo zake zimeondolewa. Hivyo picha nyingi za mafuriko yale zikawekwa ghalani, na hakuna aliyedhani kuwa ziko siku zitaulizwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wangaliijua filamu, pengine wangalisema vingine. Maana akiba ya filamu huoza. Kanda za zamani zilitengenezwa kwa naitreti, kitu ambacho ni ndugu wa baruti. Naitreti huonyesha sura safi yenye kung'aa, lakini ina tabia mbili mbaya. Kwanza hushika moto upesi, na ikishika haizimiki kwa maji, kwa sababu yajitolea yenyewe hewa ya kuuwasha moto wake. Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua, na sehemu kubwa ya picha bubu za kampuni hiyo ikateketea. Pili, hata isipoungua, naitreti huchakaa yenyewe: huanza kufifia, ikanata kama asali, na mwisho ikawa vumbi la rangi ya kutu. Mlinzi wa ghala aweza kufunga mlango kwa kufuli saba, na mwizi akawa ndani ya kopo.

Adui wa pili alikuwa kutengana. Picha zile za santuri zilikuwa kama chanda na pete. Kimoja bila ya kingine ni pungufu. Lakini kanda ziliwekwa mahali pamoja na santuri mahali pengine. Kanda zilioza hali santuri zimesalia, au santuri zilivunjika hali kanda zimesalia. Gold Diggers of Broadway ndiyo mfano wa kuhuzunisha kuliko yote. Sauti yake yote ipo, toka neno la kwanza hata wimbo wa mwisho, imehifadhiwa katika santuri. Lakini kwa upande wa sura vimepona vipande vichache tu, vikiwemo vya mwisho mwisho. Msikilizaji asikia nyayo za wachezaji wa dansi asiowaona.

Adui wa tatu alikuwa dharau. Katika miaka ya 1950 makampuni ya Marekani yaliuza na kukodisha picha zao za zamani kwa televisheni. Televisheni nyingi za siku zile zilionyesha weupe na weusi tu. Kwa hiyo nakala zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa hazina rangi, na zile za rangi hazikushughulikiwa. Ndiyo sababu On with the Show!, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa rangi, leo inajulikana kwa nakala zisizo na rangi, ukiacha kipande kifupi sana kilichopatikana baadaye. Ndani ya picha hiyo yumo Ethel Waters, mwimbaji mweusi wa Marekani, akiimba Am I Blue?, wimbo uliopata umaarufu mkubwa. Sauti yake imetufikia na uso wake umetufikia. Rangi aliyovikwa mbele ya kamera haikutufikia. The Broadway Melody nayo ilikuwa na dansi moja ya rangi. Dansi imesalia, rangi imepotea.

Hao ndio maadui wa ghalani. Yuko na mlinzi wa mlangoni, naye ni sheria, ambaye mara nyingine ni rafiki na mara nyingine hawi. Hakimiliki ni jambo la haki. Mtu aliyetunga wimbo au aliyetoa fedha zake kutengeneza picha astahili kula matunda ya kazi yake, wala si halali mtu mwingine ainakili na kuiuza kama mali isiyo na mwenyewe. Lakini haki hiyo ina mwisho, na mwisho wake ni sehemu ya haki yenyewe. Maana ukifika, kazi huwa mali ya umma, na kila mtu aweza kuionyesha, kuinakili na kuijenga upya bila ya kuomba ruhusa.

Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 1909, picha ililindwa miaka 28, na mwenyewe akiomba tena kwa wakati wake huongezewa miaka mingine 28. Sheria ya mwaka 1976 ikaifanya jumla iwe miaka 75, na ya mwaka 1998 ikaifikisha miaka 95 kwa kazi za zamani zilizokuwa bado na ulinzi. Kwa ajili ya nyongeza hiyo ya mwisho, miaka 20 ilipita bila ya picha yoyote ya zamani kufikia mwisho wa muda wake kwa hesabu ya kawaida, mpaka tarehe 1 Januari 2019, zilipofunguliwa kazi za mwaka 1923. Fanya hesabu mwenyewe: The Jazz Singer ya 1927 ikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2023, na The Broadway Melody ya 1929 ikafuata tarehe 1 Januari 2025. Nchi nyingine zina hesabu nyingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 iliziwekea kazi za namna hii miaka 50. Naitreti haihesabu kama wanasheria. Haikungoja miaka 95, wala 75. Mara nyingi haikungoja hata 28.

Sasa tutazame mifano miwili inayovutana, kwa sababu vijana wengi hudhani kuwa jambo hili lina jibu moja rahisi.

Mfano wa kwanza ni Show Boat ya mwaka 1936, iliyotengenezwa na kampuni ya Universal. Ndani yake Paul Robeson, mwana wa baba aliyezaliwa utumwani, aimba kwa sauti ambayo wengi wameiita sauti kuu ya karne yake. Kampuni ya MGM ikanunua haki za picha hiyo kwa kuwa ilitaka kutengeneza Show Boat yake yenyewe, nayo ikatoka mwaka 1951. Na ile ya 1936 ikaondolewa machoni pa watu kwa miaka mingi. Haikuoza, wala haikuungua. Ilifungiwa tu, ili isishindane na dada yake mdogo. Hapo miliki iliitumia haki yake na kuusahau wajibu wake. Na usidhani kuwa hasara za namna hii ni za Wamarekani peke yao. Robeson huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alicheza katika picha ya nyimbo iliyotengenezwa Uingereza kwa jina la Sanders of the River, na miongoni mwa watu waliolipwa kusimama nyuma yake wakicheza machifu alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London siku zile. Robeson alikuja kuichukia picha ile kwa jinsi ilivyoutukuza ukoloni, na alikuwa na sababu. Lakini kama ingalipotea, tungalipoteza sura ya rais wetu wa kwanza katika siku za dhiki yake, pamoja na ushahidi wa jinsi Waafrika walivyochorwa.

Mfano wa pili ni Royal Wedding ya mwaka 1951, ambamo Fred Astaire acheza dansi juu ya kuta na darini kama mtu asiyevutwa na ardhi. Ulipofika mwaka wa 28 wenyewe hawakuomba nyongeza ya ulinzi, na picha ikawa mali ya umma mapema. Je, ikastawi? Kila mwenye nakala aliichapa na kuiuza. Lakini wengi walinakili nakala ya nakala, hata rangi zikapauka na nyuso zikafifia. Na mtu aliyeinunua kwa bei ya chini alidhani kuwa kazi yenyewe ndivyo ilivyo, kumbe ilikuwa kivuli chake. Hapo uhuru ulipatikana bila ya matunzo.

Basi miliki peke yake haiokoi, na uhuru peke yake hauokoi. Kinachookoa ni matunzo, na matunzo yana gharama. Hakimiliki ikiisha hufungua mlango wa sheria. Haifungui mlango wa ghala. Hakuna awezaye kumlazimisha mwenye ukanda wa asili auazime. Kwa upande mwingine, mwenye ghala asiyetarajia faida yoyote hana haraka ya kutoa fedha zake. Mpenda sanaa wa kweli hapasi kushabikia upande mmoja kama ashabikiavyo timu ya mpira. Yampasa aulize kila mara: ni nani anayeitunza kazi hii, na ni nani anayeweza kuiona?

Wako watu waliouliza hivyo kwa vitendo. Mwaka 1991 huko Marekani wakusanyaji wachache wa santuri za kale waliunda chama kilichoitwa The Vitaphone Project. Kazi yao ilikuwa kutafuta zile santuri za inchi 16 katika nyumba za watu na katika mabaki ya kumbi za zamani, kisha kuziambia hifadhi kubwa, kama Maktaba ya Bunge la Marekani na hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kuwa sauti ya picha fulani bubu iliyo kwao imepatikana. Santuri iliyopasa kutupwa baada ya kupigwa mara 20 ikawa johari, kwa sababu mtu mmoja mahali fulani hakuitupa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliandika daftari. Na tangu mwaka 2009 kampuni ya Warner imekuwa ikiuza kwa jamii nyingi ya picha zake ambazo haziwezi kupata soko kubwa, zikiwemo za nyimbo za miaka ile ya mwanzo. Huo nao ni mfano wa miliki inayoutambua wajibu.

Sasa tuifikie King of Jazz. Universal iliitoa mwaka 1930 kwa gharama kubwa mno, ikaongozwa na John Murray Anderson, na mwenye jina lake ni Paul Whiteman, kiongozi wa bendi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote Marekani. Haina hadithi, ni mfululizo wa nyimbo, dansi na vichekesho. Ilifika sokoni wakati watu walipokuwa wamekwisha kuzichoka nyimbo, ikapata hasara. Mwaka 1933 ikakatwa na kufupishwa ili ionyeshwe tena, na kwa miaka mingi iliyofuata waliobahatika kuiona waliona nakala pungufu na zilizochakaa. Mwaka 2013 ikaandikwa katika orodha ya taifa la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na mwaka 2016 Universal ikaonyesha mjini New York nakala iliyotengenezwa upya. Mafundi walichukua mabaki ya ukanda wa asili uliopita ndani ya kamera. Vipande vilivyokatwa wakavitafuta katika nakala za zamani zilizohifadhiwa kwingine. Wakavipiga picha moja moja kwa mashine za kisasa, wakavipanga na kuvisafisha. Palipokosekana sura hali sauti ipo, waliweka picha tulivu, wasijaribu kumdanganya mtazamaji. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hii imeundwa mara mbili.

Je, ilistahili? Nitaanza na wema wake. Muziki wake ulirekodiwa kwanza, kisha wachezaji wakacheza mbele ya kamera huku ukisikilizwa. Kwa hiyo sauti yake ni safi, na kamera haikufungwa mahali pamoja kwa kuogopa kelele. Ndani yake utamwona kijana Bing Crosby akiimba na wenzake wawili kabla dunia haijamjua. Utaona mapambo ya Herman Rosse, aliyetuzwa kwa ajili yake na Academy. Na utaona rangi ambazo macho ya leo hayakuzizoea, maana Technicolor ya siku zile ilishika nyekundu na kijani tu. Buluu halisi haikuwezekana. Lakini kilele cha picha hiyo kilikuwa Rhapsody in Blue, muziki wa George Gershwin ambao Whiteman mwenyewe aliuonyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na jina lake ndani lina buluu! Rosse hakukata tamaa. Alipanga fedha, kijivu na kijani cha bahari kwa werevu, hata jicho likakaribia kuiona buluu isiyokuwapo. Kwa mashine za leo fundi angaliweza kuipaka buluu ya kweli. Akifanya hivyo ataharibu. Maana sifa ya Rosse imo katika kushinda upungufu wake, na upungufu ukifutwa, ushindi nao umefutwa. Kutengeneza upya ni kuirudisha kazi jinsi ilivyokuwa. Kuipamba kwa jinsi ambavyo haikuwa ni kutunga kazi nyingine na kuipa jina la marehemu.

Nimalize sifa hapo, nije kwenye aibu. Picha yaanza kwa katuni, ya kwanza kutengenezwa kwa rangi za Technicolor, iliyochorwa katika karakana ya Walter Lantz. Ndani yake Whiteman amekwenda kuwinda katika msitu wa Afrika. Simba amtaka, Whiteman ampigia fidla, na simba acheza. Mwisho nyani amtupia nazi kichwani, akavimba nundu, na nundu ikageuka taji. Hivyo ndivyo alivyopata ufalme wa jazi! Baadaye, kabla ya Rhapsody in Blue kuanza, mtazamaji aambiwa kuwa jazi ilizaliwa katika misitu ya Afrika, na mchezaji aonekana akicheza juu ya ngoma kubwa mno. Basi Afrika imetajwa mara mbili: mara moja kwa dhihaka, na mara moja kama pango la giza ambamo mdundo ulitoka, hauna mtunzi, hauna jina, hauna mwenyewe.

Kisha yaja tamati. Chungu kikubwa chaonekana, na mataifa ya Ulaya, moja baada ya jingine, yaleta nyimbo na ngoma zao: Waingereza, Waitalia, Waskoti, Wahispania, Warusi. Vyote vyatiwa chunguni, vyakorogwa, na ndani ya chungu yatoka jazi. Wamarekani weusi hawakuitwa. Walioutunga muziki huo katika New Orleans na miji mingine hawana hata kijiko katika mapishi yale. Mwaka huo wa 1930 Louis Armstrong na Duke Ellington walikuwa wamekwisha kurekodi santuri zilizowafunza wengine namna ya kupiga, nao hawamo. Picha inayosema mwanzoni kuwa jazi yatoka Afrika, yamaliza kwa kuwaambia watu kuwa yatoka Ulaya. Mwongo asiyekumbuka alichosema mwanzo hujifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

Yuko atakayesema: ikiwa ndivyo, kwa nini fedha nyingi zitumike kuirudisha? Si afadhali ingaliachwa ioze? Mwingine atasema: irudishwe, lakini katuni na chungu viondolewe, ili watoto wasidhurike. Nawaheshimu wote wawili, kwa kuwa hasira yao ina haki, lakini siwakubalii. Kama picha ingalioza, sifa yake ingalibaki vitabuni, imeandikwa na watu walioipenda, na sisi tusingalikuwa na la kuwajibu. Kama ingalikatwa, ingalibaki nzuri tupu, na uongo wake ungalijificha nyuma ya uzuri huo. Mwizi akishikwa na ushahidi, mwenye busara hauchomi ushahidi. Nakala nzima ndiyo inayotuwezesha kuonyesha kwa kidole: hapa walitusahau, na hapa walijua wanachokisahau. Kinachotakiwa ni mwalimu au maandishi ya kumtayarisha mtazamaji kabla ya kuiona, wala si mkasi.

Na tusisahau upande wa pili wa mizani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Rosse alikuwa fundi. Bendi ile ilipiga kwa ustadi. Na muziki wa Gershwin, aliyejifunza mengi kwa kuwasikiliza watu weusi, ni mzuri hata sasa. Kazi moja yaweza kuwa nzuri kwa sanaa na mbaya kwa ukweli wakati mmoja. Mhakiki asiyeweza kushika mambo haya mawili kwa mikono miwili atakuwa mshangiliaji au mlaani, lakini hatakuwa mhakiki. Hukumu yangu, basi, ni hii: King of Jazz ni kazi kubwa ya macho na masikio, na ni historia ya uongo, na kutengenezwa kwake upya kulistahili kwa sababu zote mbili.

Kwa hesabu tuliyoifanya, ulinzi wa picha hii huko Marekani uliisha na mwaka 2025. Mlango wa sheria umefunguka. Mwanafunzi wa muziki mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu ana haki ya kuijadili mbele ya nakala nzima, sawasawa na mwanafunzi wa New York. Mababu wa muziki ule hawakualikwa chunguni. Sisi twaweza kukaa barazani na kulionja lililopikwa.

Nakuusia neno moja la kutumia, msomaji, kwa picha yoyote ya kale utakayoonyeshwa, iwe darasani au katika simu ya mkononi. Kabla hujasema ni nzuri au mbaya, uliza maswali manne: Je, ni nzima, au imekatwa? Imetoka katika nakala gani? Ni nani aliyeitunza, na kwa gharama ya nani? Na ni nani aliyestahili kuwemo, naye hayumo? Matatu ya kwanza yatakuonyesha kama unaitazama kazi au kivuli chake. La nne litakuonyesha kama kazi yenyewe inasema kweli. Ukiisha kuyajibu, sema unavyoona bila ya hofu. Hukumu yako itakuwa na miguu ya kusimamia.